Gia Moja au Gia za Ndani? Namna ya Kuchagua Baiskeli ya Mlima Ukiwa Dar es Salaam

Maswali huwa yaleyale. "Nimepata baiskeli ya mlima lakini ina gia moja tu, nichukue?" "Hii ya Kijapani haina zile gia za kuning'inia nyuma, ila muuzaji anasema ina gia tatu. Ananipiga?" "Naishi Goba, kazi yangu iko Mwenge, ipi itanifaa?" Anayeuliza mara nyingi yuko dukani tayari, hela mkononi, na anataka jibu la neno moja. Jibu la neno moja halipo, ila zipo hatua ambazo ukizifuata hutajuta ukishafika nyumbani.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Baiskeli ya gia moja ina sproketi moja mbele kwenye krenki (mkono wa pedali) na friwili moja nyuma (sproketi inayoshika ukikanyaga mbele na kuzunguka huru ukirudisha nyuma), basi. Ya gia za ndani ukiitazama kwa mbali inafanana nayo, kwa kuwa nje unaona sproketi moja tu. Gia zenyewe zimefichwa ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ambayo ni nene kuliko kawaida na ina waya mmoja unaoingia pembeni ya ekseli. Zile za sproketi nyingi nyuma na kikono kinachorusha mnyororo siziongelei hapa. Zina wateja wake, lakini kikono hicho ndicho cha kwanza kupinda baiskeli ikianguka au ikibanwa na mizigo juu ya basi.

Msimamo wangu nausema mapema ili ujue unasoma maneno ya nani. Kwa mtu wa Dar anayeishi upande wa tambarare, gia moja iliyotulia inamtosha na inabaki chenji. Gia tatu za ndani ndizo ninazowashauri wengi wenye mlima mmoja au miwili njiani. Gia saba au nane za ndani ni tamu, ila ni za mtu aliye tayari kujifunza kuseti waya mwenyewe.

MAHITAJI KABLA HUJATOKA NYUMBANI

- Spana namba 15. Nati nyingi za ekseli ya nyuma kwenye baiskeli hizi ni za saizi hiyo. Spana ya kurekebika isiwe tegemeo lako, inakula kona za nati.
- Funguo za L namba 4, 5 na 6.
- Tepu ya kupimia inayoonyesha milimita.
- Chaki, ya kuweka alama kwenye jino unaloanzia kuhesabu.
- Kitambaa kibovu. Utafuta grisi na vumbi ili usome maandishi ya habu.
- Simu, kwa picha na kikokotoo.
- Muda. Usiende kununua baiskeli jioni taa zimefifia na muuzaji anafunga duka.

HATUA ZENYEWE

1. Ijue njia yako, hasa kipande chake kibaya

Watu huchagua baiskeli kwa kutazama sehemu kubwa ya safari. Kosa. Chagua kwa kutazama kipande kimoja kinachokutesa kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo utakaposhuka na kusukuma kila siku.

Posta, Kariakoo, Ilala, Msasani, Mikocheni: ardhi ni tambarare, shida ni foleni na mashimo. Gia moja inatosha kabisa. Ukitoka Ubungo kuelekea Kimara na Mbezi, njia ya baiskeli iliyo kando ya mwendokasi inakusaidia kukwepa magari lakini haikuondolei mwinuko. Goba na Makongo Juu ni habari nyingine: vilima vifupi, vikali, na vingine ni vya udongo unaoteleza masika ikianza. Pugu na Kisarawe, wanakokwenda wengi wikiendi kutafuta njia za msituni, huko ndiko gia moja inamjua nani ana miguu na nani ana maneno.

Kigamboni watu huidharau kwa sababu haina vilima vya maana. Ukishapita lami ya Kibada au Mjimwema ukaingia barabara za ndani, utakutana na mchanga. Mchanga mzito ni kama mlima usiokwisha, unahitaji gia nyepesi na tairi pana. Kisha kuna upepo. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, anayetoka Bunju kuja mjini kwa barabara ya Bagamoyo anapigwa usoni safari nzima. Kaskazi ikirudi, mambo yanageuka.

Andika kwenye simu: kipande kibaya ni kipi, kina urefu gani, na utakuwa umebeba nini. Mzigo wa kilo 20 kwenye keria hubadilisha hesabu yote. Kilima ambacho gia moja inakipanda ukiwa mtupu, inakikataa ukiwa na ndoo mbili za samaki.

2. Hesabu meno

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo siri yote ilipo. Weka chaki kwenye jino moja la sproketi ya mbele, hesabu mpaka urudi hapohapo. Fanya hivyo na ya nyuma. Gawa ya mbele kwa ya nyuma.

Meno 32 mbele na 16 nyuma ni 2.0. Maana yake ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Kwa gurudumu la inchi 26, ambalo mzunguko wake mmoja ni kama mita 2.07, unasogea mita 4 na kidogo. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka, unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa.

Kwa gia moja mimi naongozwa na namba hizi, kwa gurudumu la inchi 26:

- 2.3 hivi (mfano 42 kwa 18): mjini, lami, tambarare. Mwendo ule wa mizunguko 80 unakupa kilomita 23 kwa saa.
- 2.0 (32 kwa 16): mchanganyiko wa lami na vumbi, vilima vya hapa na pale.
- 1.8 hivi (32 kwa 18): Pugu, mchanga, mizigo. Kwenye lami utaona miguu inazunguka kama cherehani na bado bodaboda zote zinakupita.

Kama gurudumu ni la inchi 29, shusha namba kidogo, maana gurudumu kubwa lenyewe linaongeza uzito wa gia.

Sasa gia za ndani. Habu ya Shimano Nexus ya gia tatu ina gia nyepesi ya 0.733, ya kati ya 1.0 na nzito ya 1.364. Zidisha na namba yako. Ukiwa na 42 kwa 18, gia nyepesi inakupa 1.71 na nzito 3.18. Tazama vizuri: ile 1.71 ni nyepesi kuliko gia moja niliyokutajia ya Pugu, na hujapoteza mwendo wako wa mjini. Kwa mtu wa Kimara hiyo ndiyo hoja nzima ya gia za ndani.

Habu za Sturmey-Archer za gia tatu, zile za Kiingereza ambazo aina yake ya AW ilianza mwaka 1936, zinakaribiana na hizo: robo chini, theluthi juu. Nexus ya gia saba inafika upana wa asilimia 244 kutoka gia nyepesi hadi nzito (yaani nzito ni mara 2.44 ya nyepesi), ya nane asilimia 307, Alfine ya 11, nayo ya Shimano, asilimia 409. Rohloff ya Kijerumani ina gia 14 na asilimia 526. Hiyo utaiona kwenye baiskeli za wasafiri wanaovuka Afrika, na inataka kubadilishwa oili kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Ukiuziwa kwa bei ya Nexus, jiulize imetoka wapi.

3. Amua nani ataishika ikiharibika

Fundi wa chini ya mwembe anaijua gia moja usingizini. Gololi zikiisha anabadilisha, friwili ikichoka anafungua na kufunga nyingine, ekseli ikipinda anayo nyingine kwenye kopo. Hata vifaa vya baiskeli za Phoenix na Avon vimezagaa, na vingine vinaingiliana.

Gia za ndani si hivyo. Mafundi wanaoweza kuifungua habu na kuirudisha ikafanya kazi wapo, lakini ni wachache, na huwezi kuwakuta kila kijiwe. Kabla hujanunua, nenda kwa fundi wako wa kila siku, umwonyeshe picha, umuulize moja kwa moja: "Fundi, hii umeshawahi kuifungua?" Akijibu "hizi huwa haziharibiki" ujue hajawahi. Hilo si tatizo kubwa kama utajifunza mwenyewe hatua ya 9 hapa chini, kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa habu kumbe ni waya umelegea.

4. Tazama fremu pale ekseli inapokaa

Hatua hii ni kwa anayetaka kubadilisha baiskeli aliyonayo, au anayenunua fremu na habu kila kimoja peke yake.

Inama utazame mifereji ya nyuma. Kama imelala, inatazama nyuma au mbele, umepata: gurudumu linaweza kuvutwa ili kukaza mnyororo. Kama inatazama chini moja kwa moja, gurudumu halivutiki, na utahitaji kikaza mnyororo chenye kigurudumu kidogo.

ANGALIZO: usifunge kikaza mnyororo kwenye habu yenye breki ya kukanyaga nyuma. Ukifunga breki, mnyororo wa chini ndio unaovutwa. Utakivunja kikaza, na breki utakuwa huna.

Pima nafasi kati ya mifereji, ndani kwa ndani. Fremu nyingi za baiskeli za mlima zenye ekseli ya nati ni milimita 135. Habu za gia tatu huwa nyembamba zaidi, kwa hiyo pengo hujazwa na washa, mradi ekseli iwe na urefu wa kutosha nati ishike uzi wote. Fremu ya chuma inavumilia kupanuliwa kidogo. Ya alumini usithubutu, hupasuka. Na kama fremu ni ya kisasa, ekseli yake inapenya tundu zima badala ya kukaa kwenye mfereji, sahau gia za ndani za nati kwenye fremu hiyo.

Hesabu pia matundu ya spoki. Habu yenye matundu 36 haiingii kwenye rimu ya 32. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini watu wananunua habu peke yake kwa shangwe, wakifika kwa fundi wa spoki wanarudishwa.

5. Kagua habu ya gia za ndani kabla hujatoa hela

Hapa tulia. Baiskeli nyingi za gia za ndani zinazofika kwetu ni za mitumba kutoka Japani, na nyingine Ulaya. Zimekaa kwenye kontena, zimepakuliwa kwa kurushwa, na waya wake mara nyingi umekatwa au umepinda. Muuzaji atakwambia, "Hii gia saba bosi, original Japan." Mwitikie vizuri, kisha ufute habu kwa kitambaa chako.

Kwenye Shimano utaona maandishi yanayoanza na SG. Kwenye nyingi, namba inayofuata ndiyo idadi ya gia: SG-3 ni tatu, SG-7 saba, SG-8 nane. Herufi inayofuata nayo ina kazi, C ni ya breki ya kukanyaga nyuma na R ni ya breki ya pembeni ya habu. Kwenye Sturmey-Archer za zamani utakuta AW na namba ndogo za mwaka na mwezi iliyotengenezwa. Kipini cha kubadilishia gia mkononi kikiandikwa gia saba na habu ikasema tatu, umeshajua wa kumwamini.

Kisha fanya hivi kwa mpangilio:

a) Pindua baiskeli, isimame kwa kiti na usukani. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Mlio wa tiki-tiki-tiki laini ni wa kawaida. Mlio wa kusaga, kama kuna changarawe ndani, ni maji yaliyoingia na kutu. Acha.

b) Shika rimu, itikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo sana unavumilika. Ukisikia "kodo-kodo", beringi zimekwisha au koni zinazozibana zimelegea.

c) Tazama upande wa kulia wa ekseli. Nexus ya gia tatu ina kiboksi kidogo kinachobana kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya ekseli. Kivue utazame kama kijiti kipo na kimenyooka, maana bila hicho gia hazibadiliki. Sturmey-Archer badala yake ina mnyororo mwembamba unaotoka kwenye tundu la ekseli. Uvute taratibu: unapaswa kuvutika na kurudi wenyewe.

d) Tafuta washa maalumu zenye ulimi, moja kila upande wa ekseli, zinazoingia kwenye mfereji wa fremu. Kazi yake ni kuzuia ekseli isizunguke. Hizi ndizo hupotea kwanza, na wengi huzitupa wakidhani ni washa za kawaida. Ya kulia na ya kushoto hazilingani. Zisipokuwepo, punguza bei kweli kweli au ondoka.

e) Badilisha gia zote, moja baada ya nyingine, huku mwenzako akizungusha pedali. Waya ukiwa umekatika bado unaweza kupima: gia moja lazima ishike vizuri hata bila waya.

6. Kagua ya gia moja

Hapa kazi ni ndogo. Zungusha pedali nyuma, friwili ilie sawasawa bila kukwama. Kanyaga kwa nguvu huku umeshika breki ya nyuma: ikiteleza hata mara moja, friwili hiyo imekufa. Tazama meno, yaliyochongoka kama ya papa yamekwisha. Mwisho simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, utazame mnyororo kutoka juu: sproketi ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja.

Mstari huo huharibika zaidi kwenye baiskeli za gia nyingi zilizogeuzwa kuwa gia moja. Fundi anatoa lile rundo la sproketi, anafunga friwili moja ya BMX (uzi wake unaingia, hilo ni kweli), halafu anakukabidhi. Friwili inabaki imeegemea upande wa spoki na mnyororo unakwenda kwa pozi, mshazari. Dawa ni kuhamisha washa za ekseli kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha kuivuta rimu kwa spoki irudi katikati. Mwambie kabla hajaanza, ukimwambia akishamaliza ni kazi mpya na bei mpya.

7. Panda uijaribu

Usizunguke mbele ya duka tu. Omba uende mpaka pale penye mwinuko, hata kama ni tuta la daraja. Acha simu au kitambulisho kama muuzaji ana wasiwasi, bora simu ya rafiki yako aliyebaki.

Kwa gia moja: anza kutoka kusimama kabisa, kama ambavyo utaanza kila mara bodaboda inapokukatia. Magoti yakilalamika hapo, yatalalamika zaidi ukiwa na mzigo.

Kwa gia za ndani: simama, badilisha hadi gia nyepesi ukiwa umesimama, ondoka. Hilo gia za kawaida haziwezi, na kwenye foleni ya Buguruni utalipenda kuliko jambo lingine lolote. Ukiwa mwendoni, legeza mguu kidogo kila unapobadilisha, kisha kanyaga. Anayebadilisha huku amekanyaga kwa nguvu zote anameza maisha ya habu taratibu.

8. Funga gurudumu na kaza mnyororo

Baiskeli imeshakuwa yako. Mnyororo wa gia moja na wa gia za ndani hauna kikono cha kuuvuta, hivyo unaukaza wewe kwa kusogeza gurudumu.

Legeza nati zote mbili. Vuta gurudumu nyuma, kaza kidogo nati ya kulia, sukuma gurudumu likae katikati ya fremu, kaza ya kushoto. Sasa bonyeza mnyororo katikati kwa kidole: upande juu na kushuka chini kwa jumla ya kama sentimita moja. Zungusha krenki taratibu utafute pale unapokaza zaidi, kwa kuwa sproketi nyingi si duara kamili, na ukazie hapo. Mnyororo uliokaza kama uzi wa gitaa unakula beringi. Uliolegea unachomoka, na ukichomoka ukiwa umesimama kwenye pedali unaenda kifua kwa usukani.

Habu yenye breki ya kukanyaga ina mkono wa chuma upande wa kushoto. Ufungwe kwenye fremu kwa klempu yake, uusahau. Ukiachwa huru, breki ya kwanza ya nguvu itauzungusha na ekseli pamoja nao.

9. Seti waya wa gia

Nexus ya gia tatu: weka kipini kwenye gia ya 2. Kwenye kile kiboksi kuna kidirisha chenye alama. Zungusha skrubu ya waya mpaka alama ikae katikati ya mistari yake. Badilisha mpaka 3, rudi 1, rudi 2, utazame tena.

Nexus ya saba au nane: weka gia ya 4. Karibu na ekseli kuna mistari miwili midogo ya rangi, njano au nyekundu. Ikutane iwe mstari mmoja. Basi, kazi imekwisha. Rudia hatua hii kila unapotoa gurudumu, na wiki chache baada ya kufunga waya mpya kwa sababu waya mpya huvutika.

10. Itunze kwa hali ya hewa ya hapa

Usiipeleke kuoshwa kwa presha pamoja na magari. Maji ya presha yanapita sili za habu na kusukuma grisi nje. Kitambaa na ndoo vinatosha. Mvua ikijaza Jangwani na ukalazimika kupita maji yanayofika kwenye ekseli, ibebe begani. Gia moja ikilowa ndani fundi anaifungua na kupaka grisi siku hiyohiyo, gia za ndani ikilowa unaanza kutafuta fundi.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, chumvi ndiyo adui. Ukitoka Coco Beach, futa mnyororo na nati kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, tia oili nyepesi kwenye mnyororo, futa inayozidi. Oili ikiachwa inatiririka hukamata mchanga na kugeuka msasa. Pima mnyororo kila baada ya muda: pingili 24 za mpya ni milimita 305. Ukifika 308, badilisha.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kununua kwa idadi ya gia ndilo la kwanza. Gia nane ambazo mbili ndizo unazotumia ni uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu unaoubeba nyuma bure.

La pili ni kuweka sproketi ndogo mno mbele ili kupata gia nyepesi zaidi kwenye habu ya ndani. Inavutia, lakini nguvu inayoingia kwenye vigia vidogo vya ndani inaongezeka, na vinavunjika. Ukitaka nyepesi zaidi ya kiasi, nunua habu yenye upana mkubwa.

La tatu ni pancha. Kijana wa kijiwe akiona pancha ya nyuma anakimbilia spana. Mzuie. Mwambie avute tyubu upande mmoja, azibe gurudumu likiwa palepale. Mkibadilisha tyubu nzima ndipo gurudumu litoke, na hapo ukae uangalie washa zile zenye ulimi zinawekwa wapi.

Na breki. Habu nyingi za Kijapani zina breki ya bendi inayopiga kelele mtaa mzima. Kelele ni usumbufu tu, lakini kwenye miteremko mirefu ya Kisarawe breki za ndani ya habu hupata moto na kufifia. Hakikisha ya mbele inashika.

IKISUMBUA

Pedali zinateleza kwenye gia moja tu kati ya gia za ndani: waya. Rudi hatua ya 9. Kwenye Sturmey-Archer AW za zamani kuna nafasi tupu kati ya gia ya 2 na ya 3 ambapo pedali zinazunguka bila kushika, kwa hiyo waya ukilegea kidogo tu utaipata nafasi hiyo. Usisimame juu ya pedali mpaka umeseti.

Inateleza kwenye gia zote: tazama kwanza kama mnyororo unaruka juu ya meno yaliyochongoka. Kama mnyororo hausogei na ndani kuna "kraa", habu yenyewe imeumia.

Gia zinabadilika zenyewe ukipanda mlima: ekseli inazunguka. Washa zenye ulimi hazipo, zimegeuzwa, au nati hazijakazwa.

Kipini kigumu kuzungusha: waya una kutu ndani ya ala yake, ugonjwa wa kawaida kwa baiskeli ya Kigamboni. Badilisha waya na ala pamoja, usitie oili ukadhani umepona.

Mnyororo wa gia moja unachomoka: mstari haujanyooka, au mnyororo mpana umefungwa kwenye sproketi nyembamba. Mnyororo mpana kwenye meno membamba utafanya kazi ila unayumba. Mwembamba kwenye meno mapana haukai kabisa.

Gurudumu la nyuma linasogea na kugusa fremu upande wa kushoto kila ukikanyaga kwa nguvu: nati ya kulia imeteleza mbele kwa sababu ndiyo inayovutwa na mnyororo. Safisha rangi na grisi pale nati inapobana, tumia washa yenye meno, kaza kwa spana ndefu. Ikirudia, fungia kivutio cha mnyororo upande wa kulia, kile kipete chenye skrubu kinachoshika ekseli isiende mbele. Baiskeli za BMX huwa nacho, na fundi anaweza kukutolea kwenye mabaki yake.